Daftari la Kifungua Mimba

Mtu anayekwenda kwa mshauri nasaha kwa mara ya kwanza, hapa Dar es Salaam, mara nyingi ameshashauriwa mpaka amechoka. Mama amesema naye. Shangazi amepiga simu kutoka Arusha na kuongea mpaka salio likakatika. Kama ni mwanamke aliyeolewa, siku ya kicheni pati alikalishwa mbele ya kina mama waliovaa sare, akafundwa namna ya kumtunza mume na namna ya kuyameza ya ndani. Mchungaji au shehe ameombwa aingilie kati. Na ndoa ikifika pabaya kabisa, sheria yenyewe inamrudisha kwenye mashauri: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa kabla mahakama haijapokea ombi la talaka, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa.

Sidharau mashauri hayo. Yamezuia ugomvi mwingi usigeuke msiba, na wapo kina shangazi wenye busara kuliko wenye vyeti. Lakini kila anayeyatoa ana lake analolilinda. Mama analinda jina la nyumba. Shangazi anakumbuka mahari iliyokwisha kugawanywa. Kiongozi wa dini analinda ndoa, na mjumbe wa baraza anataka shauri lifungwe. Wote wanauliza mambo yatatuliaje. Hakuna anayeuliza huyu aliyekaa hapa, akijitazama mwenyewe, anaona mtu wa thamani gani. Tiba ya mazungumzo huanzia kwenye swali hilo lililorukwa, na anayeliuliza ni mtu ambaye hapati wala hakosi kitu jibu likiwa hili au lile.

Nitamweleza mtu mmoja ambaye kwa kweli ni wengi. Nimemuunga kutokana na maisha ya watu niliowasikiliza, na kila kinachoweza kumtambulisha mmoja wao nimekiacha nje. Ni mwanamke wa miaka thelathini na ushee, mhasibu katika kampuni ya mjini, mzaliwa wa Kilimanjaro, kifungua mimba wa watoto watano. Baba alifariki yeye akiwa kidato cha tatu. Siku ya mazishi, jamaa mmoja alimshika bega na kumwambia, mbele ya wadogo zake, "Sasa wewe ndiye baba." Alikuwa na miaka kumi na sita.

Tangu aajiriwe, mshahara wake una wenyewe kabla haujaingia. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 kurudisha mkopo wa chuo. Mama anatumiwa fedha ya matumizi. Kitinda mimba yuko chuoni, ada yake na chumba chake ni juu ya dada. Mdogo wa pili alitaka bodaboda, na dada akaingia kwenye mkopo wa kausha damu ili ipatikane. Juu ya hayo kuna michango ya harusi na misiba, na kundi la simu la ukoo ambamo jina lake huandikwa la kwanza kwenye orodha hata kabla hajaulizwa.

Hakuja kwangu kwa ajili ya hayo yote. Alikuja kwa ajili ya mwanamume. Walikuwa pamoja miaka minne, kodi ya nyumba analipa dada, na kila alipogusia habari ya kwenda kwao kujitambulisha bwana alinuna, akatoweka wiki mbili au tatu, kisha akarudi. Safari hii alikuwa ametoweka zaidi. Dada alikaa kwenye kiti akiwa na mkoba mapajani kama mtu anayesubiri gari, akasema, "Nataka unisaidie nimrudishe. Nifanye nini ambacho sijafanya?"

Nilimwomba aniorodheshee aliyokwisha kufanya. Ilichukua karibu saa nzima. Tukiwa tunakaribia kumaliza nikamuuliza kitu kingine: tuseme mwezi huu hujamtumia mtu yeyote chochote, si bwana, si mama, si mdogo, utakuwa nani kwao? Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Sitakuwa mtu."

Kazi yetu yote ya miezi iliyofuata ilianzia kwenye maneno hayo mawili. Hayo ni maneno ya mtu mwenye shahada, mwenye kazi, anayesifiwa kanisani, ambaye kijiji kizima kinamtaja kama mfano. Kwa nje hana dalili yoyote ya mtu asiyejithamini. Haongei kwa sauti ya chini, hakwepi macho, haogopi bosi. Ndiyo maana watu wa aina hii huchelewa kupata msaada: jamaa zao wanaona nguvu, na nguvu yenyewe ndiyo inayowamaliza.

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1902, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza jambo hili. Alikulia katika nyumba ya dini kali na bidii kubwa ya kazi. Mwaka 1922, akiwa mwanafunzi, alisafiri hadi China kwenye mkutano wa vijana Wakristo, na katika miezi ile ya safari alijikuta anafikiri tofauti na wazazi wake na kuwaandikia hivyo kwa barua. Baadaye, katika nadharia aliyoichapisha kwa kirefu mwaka 1959, alieleza kwamba mtoto hujifunza mapema ni lini anapendwa na ni lini upendo unapungua. Akiona uso wa mama unang'aa anapofanya hivi na unafifia anapofanya vile, anaweka masharti hayo moyoni na kuanza kujipima kwayo mwenyewe, hata mama akiwa hayupo. Akishakuwa mtu mzima hahitaji tena wa kumwekea masharti. Anajiwekea.

Masharti ya nyumba zetu tunayajua. Mtoto mzuri halii. Dada mkubwa ni mama wa pili. Wenzako wamepata divisheni wani, wewe je? Mwanamume hana machozi. Ukiolewa ukaachika, usirudi na mizigo hapa. Wengi waliotuambia haya walitupenda, na hilo ndilo linalofanya kazi kuwa ngumu, kwa sababu mtoto aliyechukiwa anajua walau amekosewa. Aliyependwa kwa masharti anajua tu kwamba akitimiza anapendwa, na akipungukiwa anaingiwa na baridi ambayo hawezi hata kuieleza.

Kuna wasomaji watakaosema mambo ya kujithamini ni ya Wazungu, ya watu wa "mimi, mimi", na kwamba Mwafrika ni mtu kwa sababu ya watu. Hoja hiyo naiheshimu, na ningependa kuijibu kwa mfano kutoka kwa jirani. Watafiti walipokwenda vijijini Rakai na Masaka, kusini-magharibi mwa Uganda, katika maeneo yaliyopigwa sana na UKIMWI, waliwauliza wanakijiji wenyewe ni maradhi gani ya moyo wanayoyaona. Wanakijiji wakataja hali mbili kwa Kiganda, mojawapo ikiwa ni hali ya mtu kujichukia. Hakuna Mzungu aliyewafundisha kuitaja. Kisha katika vijiji 30 yakafanyika majaribio: nusu ya vijiji vikapata vikundi vya mazungumzo, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, vikiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili. Walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Walichozungumza ni misiba, ugomvi na watu wa karibu, na mabadiliko makubwa ya maisha. Majibu yalichapishwa mwaka 2003. Kwenye vikundi, waliokuwa na sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi asilimia 6.5. Kwenye vijiji visivyopata vikundi walishuka kutoka asilimia 94 hadi asilimia 54.7 tu.

Wanakijiji wale hawakuondolewa kwenye familia zao wala hawakufundishwa kuishi kwa ajili ya nafsi zao peke yao. Walizungumza juu ya mume, mkwe, jirani, marehemu. Mtu ni mtu kwa sababu ya watu, sawa, na hao watu wakikuumiza, unaumia papo hapo kwenye utu wako. Huko Harare nako, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewatumia mabibi wa mtaani, 14 kwa kuanzia, waliokaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu kwa Kishona. Tiba hii haihitaji sofa wala kiyoyozi.

Sasa nirudi kwa kifungua mimba wetu na kwa mwandishi aliyenisaidia kumwelewa kuliko Rogers. Ivan Boszormenyi-Nagy alizaliwa Budapest mwaka 1920, akawa daktari wa magonjwa ya akili, akahamia Marekani mwaka 1950. Mwaka 1973 alitoa pamoja na Geraldine Spark kitabu kiitwacho Invisible Loyalties, na ndani yake kuna wazo moja kubwa: kila familia ina daftari. Humo huandikwa nani amempa nani nini, nani amenyimwa, nani anadaiwa, na daftari hilo hurithiwa kizazi hadi kizazi hata kama hakuna aliyewahi kulifungua mezani.

Ninachompendea ni kwamba hakusema deni ni la uongo. Vitabu vingi vya kujisaidia vinavyouzwa kwenye vibaraza vya Posta vinamwambia msomaji: usidaiwe na mtu, fuata ndoto zako, kata watu wenye sumu. Mama aliyeuza ndizi Kiboriloni alfajiri ili mtoto apate sare ya shule ametoa kitu halisi, na mtoto anayesema hadaiwi chochote anasema uongo na moyo wake unajua. Boszormenyi-Nagy angekubali kwamba deni lipo. Angeuliza ni la kiasi gani, la nani kwa nani, na lilipweje ili anayelipa asife njiani.

Ukikopa unga na sukari kwa Mangi dukani, anaandika, na mwisho wa mwezi anapiga mstari, anajumlisha, unalipa, ukurasa mpya unaanza. Daftari la kifungua mimba halijawahi kupigwa mstari. Kila alicholipa kimeandikwa kama wajibu, na kila asicholipa kimeandikwa kama deni. Hakuna ukurasa unaoonyesha kwamba msichana wa miaka kumi na sita alipewa kazi ya baba, kwamba alikosa utoto, kwamba naye anadai. Yeye mwenyewe, mhasibu anayefunga hesabu za kampuni kila mwezi, hakuwahi kufikiri kwamba upande wa pili wa ukurasa upo.

Jambo la pili ambalo mwandishi huyu aliliona ndilo lililomfungua macho dada yetu kuhusu bwana wake. Hesabu isiyofungwa nyumbani huhamishiwa kwa mtu mwingine asiyehusika. Kwa mwanamume yule alikwenda na daftari lile lile. Tulipopitia wanaume aliowahi kuwa nao, tukaona wote walikuwa watu wenye shida: mmoja alikuwa amefukuzwa kazi, mmoja ana kesi, mmoja anaanza biashara isiyoanza. Siku moja alisema mwenyewe, bila kusukumwa, kwamba mwanamume asiye na shida humtia wasiwasi, kwa kuwa hajui amshike kwa nini. Nilimwacha akae na maneno yake. Kuna mambo ambayo mtu akiambiwa na mwingine atayakataa, na akiyasikia kwa mdomo wake mwenyewe hayawezi kurudi yalikotoka.

Wanaume nao wana daftari, na kwao mara nyingi linahesabiwa kwa mfuko tu. Huja wakiwa wamechelewa, wengi wakiwa wametumwa na mke au wamefikishwa na pombe, na sentensi yao ya kwanza huwa juu ya fedha. Kijana anayeambiwa "huna kitu" na baba mkwe hulala macho miezi. Nitawarudia katika sura inayofuata, kwa sababu wanastahili nafasi yao.

Niseme sasa juu ya kuanza kwenyewe, maana wengi huogopa mlango kuliko kinachosemwa ndani.

Wengi wa rika langu walikutana na ushauri nasaha kwa mara ya kwanza kwenye vituo vya kupima Virusi vya UKIMWI. Picha waliyobaki nayo ni ya chumba cha kupewa habari mbaya, ukamaliza ukaondoka. Tiba ya mazungumzo inakwenda polepole kuliko hivyo. Kikao huwa dakika 50 hivi, mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili kwa mwenye uwezo mdogo. Kikao cha kwanza ni cha kujuana: umekuja kwa nini, nyumbani kukoje, umewahi kuumwa, unalala, unakula, umewahi kufikiria kujitoa uhai. Swali hili la mwisho lisikutishe. Mshauri asiyeliuliza ndiye wa kutilia shaka. Utaelezwa kwamba unayosema hayatoki nje, isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini. Wengine watakupa dodoso la Morris Rosenberg la kupima kujithamini, sentensi kumi alizozichapisha mwaka 1965 baada ya kuwapima wanafunzi zaidi ya 5,000 wa sekondari katika jimbo la New York. Mimi hulitumia kwa tahadhari. Watu wetu hulijaza kama mtihani wa taifa, wakitafuta jibu litakalompendeza msahihishaji, na kwa kifungua mimba hilo lenyewe ni dalili.

Uliza maswali yako pia. Umesomea wapi? Unasimamiwa na nani? Umewahi kufanya kazi na watu wenye mambo kama yangu? Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inayotaka mtoa huduma asajiliwe na bodi, kwa hiyo mkazi wa Nairobi au Mombasa ana haki ya kuomba kuona usajili. Tanzania, mlango wa bei nafuu ni kliniki za afya ya akili katika hospitali za umma, Muhimbili ikiwa mojawapo, au afisa ustawi wa jamii. Mtu anayejiita mshauri mtandaoni akianza kukuuzia mafuta, kukuomba urafiki wa usiku, au kukuambia uachane na mumeo katika kikao cha kwanza, chukua mkoba wako uondoke. Na anayekupa aya za kuvumilia wakati unapigwa amekosea vibaya. Kipigo hakianzi kutibiwa kwa kujithamini. Kinaanza kwa usalama: dawati la jinsia na watoto la polisi, fomu ya PF3, hospitali, mahali pa kulala. Mazungumzo yatafuata.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin alieleza kwamba kinachobeba tiba ya aina yoyote ni mapatano kati ya mshauri na anayeshauriwa: wamekubaliana wanakwenda wapi, wamekubaliana watafanya nini ili wafike, na kuna kuaminiana. Ukiona baada ya vikao kadhaa kimojawapo hakipo, sema. Mtu aliyezoea kuwaridhisha wengine atataka kumridhisha na mshauri, atakuja na habari za maendeleo hata kama hajapata usingizi wiki nzima. Dada yetu alifanya hivyo. Aliniletea hata maandazi. Tulizungumza juu ya maandazi yale kikao kizima, na kilikuwa kikao kizuri kuliko vingi: alilia akieleza kwamba hajui kukaa mahali bila kuwa ameleta kitu.

Baada ya hapo tukaingia kwenye kazi ya kanuni. Melanie Fennell, mwanasaikolojia wa Uingereza, alichora mwaka 1997 namna hali ya kutojithamini inavyojiendesha. Chini kabisa kuna hukumu mtu aliyojitolea zamani, kama ile ya "sitakuwa mtu". Juu ya hukumu hiyo hujengwa kanuni za kuizuia isionekane: nikisaidia kila anayeomba, nikiwa wa kwanza kuchangia, nisipokasirika kamwe, basi niko salama. Kanuni zikifuatwa maisha yanaenda, na hukumu haijaribiwi kamwe. Zikivunjika, hofu hupanda. Ukibishana na hukumu moja kwa moja hutafika mbali. Unaanza na kanuni, unaivunja kidogo kwa makusudi, kisha unatazama kitakachotokea.

Tulianza na kitu kidogo sana. Ujumbe wa kuombwa fedha ukiingia usiku, asijibu mpaka asubuhi. Msomaji anaweza kuliona hilo ni jambo jepesi. Yeye usiku wa kwanza hakulala. Moyo ulidunda, akaona mama anazimia, akaona wadogo wanamsema. Asubuhi akapiga simu. Fedha ilikuwa ya umeme, na mdogo wake alikuwa ameshakopa kwa jirani. Hakuna aliyezimia. Wiki iliyofuata alikataa mchango wa harusi ya mtu asiyemjua. Baada ya hapo akamwambia yule wa bodaboda kwamba rejesho la mwezi ule atalipa mwenyewe, kwa kuwa pikipiki ni yake.

Hapo ndipo nyumba ilipoamka. Mama alisema, "Umeharibiwa na hao washauri wako." Mdogo alimtoa kwenye kundi la simu kwa siku nne. Niliwahi kumwonya juu ya hili, kwa sababu Murray Bowen, daktari wa Marekani aliyeanzisha njia ya kutazama familia kama mwili mmoja, alilieleza vizuri. Mmoja akibadilika, wengine humwambia amekosea. Kisha humtaka arudi alivyokuwa. Kisha humtajia adhabu asiporudi. Bowen aliyajua kwa uzoefu. Naye alikuwa kifungua mimba wa watoto watano, huko Tennessee, na mwaka 1967, kwenye mkutano wa wataalamu Philadelphia, aliacha mada iliyotarajiwa akaeleza namna alivyorudi kwa wazazi na ndugu zake mwenyewe ili akae nao bila kumezwa. Maelezo yale yalipochapishwa, mwaka 1972, hayakuwekwa jina lake.

Kutoka kwa Bowen nimechukua pia onyo juu ya kukimbia. Mtu anaweza kuhamia Muscat au Minnesota, akabadilisha laini, akaacha kupokea simu za nyumbani, na bado kila uamuzi wake ukawa ni jibu kwa mama. Umbali hupumzisha, na kuna nyumba ambazo mtu anapaswa kuzikimbia kweli, zile za ukatili. Nyumba nyingi zilizobaki zinahitaji kitu kigumu zaidi: kukaa mezani, kusema kiasi chako, na kuvumilia uso wa mama unapofifia bila kuukimbilia kwa simu ya fedha.

Na bwana? Alirudi, kama kawaida yake. Dada alimkaribisha chai, akamuuliza maswali mawili: kwetu utakwenda lini, na kodi ya mwezi ujao tugawane vipi? Bwana akasema dada amebadilika, kuna mtu anamjaza maneno. Aliondoka na mkoba wake wa nguo. Nisingependa msomaji aone ni ushindi. Dada alilia wiki nyingi, akapungua mwili, na mara mbili aliniomba nimwambie kama alifanya vizuri. Sikumwambia. Angenipa mimi nafasi ya bwana, kisha angeanza kunilipa.

Desemba alipanda kwenda Kilimanjaro kama Wachagga wengine. Tulikuwa tumepanga aende na hesabu iliyoandikwa: anachopata, kinachokatwa, anachoweza kutoa kila mwezi bila kukopa. Tulipanga pia aulize kabla ya kutoa hesabu. Boszormenyi-Nagy alisisitiza hili, kwamba mzazi naye aulizwe daftari lake. Alimuuliza mama, wakiwa jikoni, wewe uliacha shule kwa nini? Hakuwa amewahi kuuliza. Mama akasimulia kwamba alitolewa baada ya darasa la saba ili ada iende kwa wadogo zake wa kiume, akiwa amefaulu, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulitaja hilo mpaka leo. Mama naye ni kifungua mimba.

Hilo halikumfanya mama apokee hesabu kwa furaha. Aliiangalia karatasi akauliza, "Na ada ya mdogo wako?"

"Nusu naiweza, mama. Nusu nyingine tukawaambie kina baba wadogo."

Mama alikasirika, akasema ataaibika. Walikaa siku mbili wakisalimiana tu. Siku ya tatu mama mwenyewe ndiye aliyetuma mtoto kuwaita shemeji zake. Kikao kilikuwa kirefu. Baba mdogo mmoja alikubali kubeba muhula wa kwanza. Mwingine akasema wasichana wa mjini wameharibika, akaaga mapema. Nusu ya muhula wa pili ilibaki haina mwenyewe, na kitinda mimba akaambiwa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, aende mwenyewe kwa wajomba zake akaombe.